Barua za Mwenyekiti Zinatoka kwa Mtu wa Merti

Saa mbili asubuhi, Mumina Dabaso anajiandikia barua pepe. Anaketi kwenye kompyuta ya mwenyekiti, anaandika "jaribio", anatuma, kisha anahamia meza yake kuisubiri.

Inafika. Imetoka kwa Kithinji.

Kithinji hayuko hapa. Alikuwa fundi wa kompyuta kabla ya Mumina, akahamia mji wa Merti kufungua duka la simu.

"Nimeituma mimi, nimeipokea mimi, na katikati kuna mwanamume," Mumina anasema. Karani, Wanjiru, anacheka mpaka anaweka chai chini.

Ofisi ni ya ushirika wa wafugaji mjini Isiolo. Mumina, mwenye umri wa miaka 27, yuko kwenye mwezi wa majaribio. Zamani alitengeneza simu kibandani karibu na soko la mifugo, na siku mbaya alirudi kwa mama yake na shilingi mia mbili. Kazi hii anaitaka sana.

Shida ni kwamba juzi mnunuzi wa mbuzi kutoka Nairobi, Bwana Ndegwa, alipiga simu akaomba kuongea na "Mwenyekiti Kithinji". Aliyeshika simu ni mwenyekiti mwenyewe, Mzee Salad. Kufikia jioni, hoteli zote za mji zilishajua kwamba Kithinji anataka kiti, na kwamba huyu msichana wa kompyuta ni mtu wake. Mzee akamwambia Mumina kwamba jina hilo likiendelea kutokea hadi swala ya Ijumaa, kazi basi, amfuate mwenye jina huko Merti.

Leo ni Alhamisi.

Kwenye kompyuta ya mzee, jina ni Salad. Kwenye ya Wanjiru, ni Wanjiru. Zikituma tu, anatokea Kithinji. Basi kosa liko pale barua zote zinapopitia, kwenye seva iliyo stoo kando ya magunia ya chumvi ya mifugo. Mumina anafungua ile mistari ya juu ya barua ambayo watu hawaioni. Mtumaji: Kithinji. Wa kujibiwa: Kithinji. Ikikosa njia, irudi kwa Kithinji.

Baada ya kusumbuka na mtandao, anampata Kithinji kwa simu.

"Dada, mzigo ukipanda pickup ya Merti, unaandikwa jina la nani?"

"La dereva."

"Ndiyo ukipotea tujue wa kuuliza. Mimi nilifanya hivyo tu."

Majibu ya Ndegwa yalikuwa yanamfikia Kithinji. Alidhani ofisi inamtumia nakala kwa heshima.

Mumina anafuta kwenye seva amri ya Kithinji, ile iliyoweka jina lake kwenye kila barua. Mzee Salad anamwandikia Ndegwa, na jibu linafika palepale mezani kwake: "Salad ni nani? Mimi nafanya biashara na Kithinji."

Wanjiru anatazama dari. Inabidi Kithinji aandike kutoka Merti kumjulisha mwenyekiti kwa mnunuzi wake mwenyewe.

Mzee anaisoma barua hiyo mara mbili, kisha anamgeukia Mumina. "Na wewe, jina lako umeliweka wapi?"

"Sijaliweka, Mzee."

"Sasa ikipotea tutauliza nani?" Anavaa kofia yake. "Kesho baada ya swala uje unieleze tena. Na wiki ijayo pia. Sijaelewa."

Mumina anakaa kidogo kabla ya kutambua kwamba amebaki kazini.

Mpango wake sasa ni kuipa meza ya fundi anwani yake yenyewe, ili barua zikikosa njia zirudi hapo, hata akikaa nani.

"Watu huhama. Hata mimi naweza kuolewa Merti," anasema, kisha anamwona Wanjiru akichukua simu. "Wanjiru, hiyo usipeleke hotelini."