Jino la Kazi la Mama Uzi

Shangazi yangu hakuwahi kukata uzi kwa mkasi. Miaka thelathini na minane aliinama juu ya cherehani, akavuta uzi pembeni, akaung'ata kwa jino la kushoto, akaendelea kukanyaga. Wateja walimbandika jina la Mama Uzi, naye akalizoea.

Chanzo ni baba yangu, kaka yake. Kiwanda chao kilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, na mkasi ulikuwa mmoja. Baba alikata, shangazi alishona. Mkasi ule hakuna mwingine aliyeugusa. Baba alisema ukikatia nyuzi unaisha makali. Tukitoka shule, mimi na watoto wa jirani tulijibanza chini ya meza ya kukatia, vipande vya kitambaa vikitudondokea kichwani, wao juu wakitaniana.

"Kaka, huu mkono mbona mfupi? Mteja ni mtoto?"

"Wewe shona, ukimaliza ndiyo uongee."

Naikumbuka michana ile mpaka harufu ya pasi ya mkaa. Ningepewa nafasi ningerudi chini ya meza hata leo, magoti haya mabovu na yote.

Baba alifariki kwa ugonjwa wa damu. Shangazi aliuzungushia mkasi kitambaa chenye mafuta ya cherehani, akautundika kwenye msumari. Kazi za kukata akamwachia fundi jirani, yeye akabaki na zipu, pindo na vifungo. Palipohitaji kufumuliwa alitumia wembe.

Mwaka jana akaanza homa za kuja na kuondoka, na uchovu. Nilimpeleka hospitali kwa kumburuta. Daktari akamuuliza anaumwa wapi, akajibu hana panapouma. Aliposikia habari za Baba, daktari akaagiza vipimo vya damu.

Majibu tuliyachukua dirishani na kurudi nayo nyumbani. Shangazi aliisoma karatasi, akafungua droo ya cherehani. Humo mlikuwa na karatasi nyingine, imekunjwa mpaka imechanika mikunjoni: majibu ya Baba. Akaniwekea kidole kwenye neno moja, haptoglobini, kwanza kwenye yake, kisha kwenye ya kaka yake.

"Ndiyo hii hii iliyomchukua," alisema. "Anza kuwarudishia watu nguo zao. Cherehani nakuachia wewe."

"Mimi? Kifungo nikishona kinadondoka kabla mteja hajafika mlangoni!"

Hakucheka, na hapo niliogopa kweli. Nilikuwa nimebaki naye peke yake.

Kesho yake nilimrudisha kwa daktari na karatasi zote mbili. Daktari, binti mdogo mwenye subira, alizilaza sambamba.

"Mama, tazama namba, usitazame jina tu. Haptoglobini ni protini inayotengenezwa na ini. Chembe nyekundu za damu zikivunjika, yenyewe inakamata kinachomwagika. Za kaka yako zilivunjika nyingi mno, ndiyo maana haptoglobini yake ilikuwa chini kabisa. Yako iko juu."

"Juu si ndiyo mbaya zaidi?"

"Juu peke yake siyo ugonjwa. Mara nyingi ni dalili kwamba mahali fulani mwilini kuna uvimbe au maambukizi, ini linatengeneza nyingi zaidi. Ila kipimo hakisemi ni wapi. Kwa hiyo nauliza tena: unaumwa wapi?"

"Hakuna."

Nikakumbuka kitu. "Shangazi, mbona siku hizi unang'ata uzi kulia?"

"Kushoto kunauma."

"Si umesema huumwi?"

"Lile ni jino la kazi!" akanijia juu. "Sindano ikinichoma kidole, huwa nakuja hospitali?"

Daktari aliinamia meza akicheka, kisha akamwambia afungue mdomo. Fizi ilikuwa imevimba, ina usaha. Alitibiwa, jino likang'olewa. Wiki kadhaa baadaye kipimo kilirudiwa, haptoglobini ilikuwa imeshuka. Homa nazo zikakoma.

Siku aliyorudi kazini nilikaa naye. Alimaliza pindo la kwanza, akavuta uzi, akaupeleka mdomoni kushoto. Pengo. Akabaki ameushika tu. Nilimsogezea wembe, akautikisia kichwa. Akainuka, akatungua kile kifurushi msumarini, akakifungua taratibu. Mkasi ulikuwa bado unang'aa.

"Kaka atanifokea," alisema.

Akakata. Mlio ule sikuwa nimeusikia tangu nilipokuwa nikikaa chini ya meza. Nililia kabla yake.