Nukta Nyekundu Ndani ya Kompyuta

Mimi simwamini fundi. Naanza na hilo ili unayesoma ujue mapema. Nimekuwa fundi seremala tangu ujana wangu, kwa hiyo najua fundi anavyoweza kufanya mteja akigeuza kisogo. Baiskeli yangu ya kwanza niliipeleka kutengenezwa ikiwa na ekseli nzuri, ikarudi na ekseli ya kuokoteza, na yule bwana akaapa mbele yangu kuwa ni ile ile. Tangu siku hiyo kitu changu hakitoki mkononi bila alama. Nina kopo dogo la rangi nyekundu ya mafuta na kijiti. Randa zangu, misumeno, majembe ya shamba la Kanazi, redio, mtungi wa gesi, hata ndoo ya kuogea, vyote vina nukta nyekundu mahali ninapopajua mimi. Nyumbani wananicheka. Wacheke, lakini ndoo bado ipo.

Shule niliishia darasa la nne. Fremu mbili za biashara nilizo nazo Ngara mjini sikurithi kwa mtu. Tofali nilifyatua mwenyewe, milango nilitengeneza mwenyewe. Fremu moja nimempangisha fundi cherehani, mtu asiyeweza kufunga mdomo hata akiwa na pini kati ya meno. Ya pili ilikuwa karakana yangu. Mgongo uliponigomea niliiacha na vumbi, mbao chache na kompyuta moja.

Hiyo kompyuta niliipata kwenye ofisi moja niliyoitengenezea makabati. Walikuwa wanaleta mpya, wakaniuliza kama naitaka ile ya zamani, nikasema naitaka. Sanduku jeusi, jembamba, limelala kama Biblia kubwa ya kanisani. Sikujua kuitumia. Lakini ilikuwa yangu, nikaiwekea nukta kwa nje, nikaifunika na gunia.

Mtu aliyelifunua gunia ni mke wa mwanangu wa pili. Mwanangu ni dereva wa lori, hukaa safarini kuliko nyumbani. Mkewe katoka Nemba, wilaya ya Biharamulo, na amesomea kompyuta chuo cha ufundi. Alikuwa anaishi kwetu Kanazi, analima na mke wangu, lakini ulikuwa unamwona kabisa kuwa jembe halikuwa kazi aliyoisomea.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawakaribiani. Hawakai benchi moja, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Nikitaka kumpa chumvi naiweka mezani, nasogea, ndipo anachukua. Vijana wengi wameacha, mimi sijaacha, na yeye kwa heshima yake hakuniacha peke yangu. Kwa hiyo siku aliyoleta wazo lake alilipitishia kwa mke wangu, nami nimekaa hatua nne kutoka pale.

"Mama, naomba umwambie baba, ile kompyuta ya fremuni nataka niigeuze iwe ya kuchezea gemu."

"Mwambie ile ni ya ofisi," nikasema.

"Mama, mwambie baba ndiyo maana naitaka. Za ofisi ni ngumu, hazifi upesi. Inakosa kadi ya picha na diski mpya tu."

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa. "Mmeshasikiana," akasema. "Mimi si waya wa simu."

Basi akaeleza. Sanduku ni jembamba, kadi kubwa haiingii, na umeme wake ni mdogo, kwa hiyo anatafuta kadi fupi inayokula umeme kidogo. Amepata moja iliyotumika, iko Kahama, mumewe ataipitia. Ataweka meza kwenye ile fremu, watu watakuja kucheza mpira na magari, walipie kwa mchezo. Maneno yalikuwa yamenyooka, na mimi maneno yakinyooka sana nageuza sikio.

Jioni ile mwanangu akanipigia. "Baba, nikwambie ukweli. Kaka wa mke wangu ana duka Biharamulo, anamtaka akalisimamie. Hiki kitu kisipowezekana hapo, tunahamia huko."

Nilimwambia hameni tu, mna miguu. Lakini nilipokata simu niliangalia ile nyumba ya Kanazi. Watoto wengine wameshaondoka wote. Akiondoka huyu, tunabaki wazee wawili na kuku. Sikutaka. Sikumwambia mtu kuwa sikutaka.

Hata hivyo kutotaka mtu aondoke si sawa na kumwamini. Nilijiuliza: kwa nini ahangaike na sanduku kuukuu? Fundi cherehani ndiye aliyenimalizia usingizi wa mchana.

"Mzee, hujui? Kompyuta za zamani zina dhahabu ndani."

"Dhahabu gani?"

"Dhahabu dhahabu! Watu wa Geita wanachimba ardhi bure tu. Angalia usije ukabakia na bati."

Alikuwa ananitania. Mimi nilichukua lile neno nikalipeleka moyoni.

Jumamosi mkwe alikuja mjini akaijaribu. Ikawaka vizuri, picha ikatokea, niliiona kwa macho yangu. Akasema ataifungua Jumatatu kadi ikishafika. Jumapili mimi nilisali misa ya kwanza. Yeye na mke wangu walipoingia ya pili, nilipanda bodaboda nikaenda Ngara na bisibisi na kopo langu.

Mtu asiniambie kuwa sikusoma. Nililifungua lile sanduku bila kuvunja hata pini. Ndani kuna feni, waya, vumbi la miaka, na vibao viwili vyembamba vimesimama bega kwa bega, vimebanwa huku na huku. Nikasukuma vibanio pembeni, vikachomoka vyenyewe. Chini yake vina meno mengi madogo, yamepangwa kama kitana. Na yale meno, nakwambia, yalikuwa ya rangi ya dhahabu.

Nikasema, ahaa.

Nikafikiri kama mwizi. Mwizi hataki sanduku wala feni, anataka hapa. Na alama inawekwa pale anapopataka mwizi, la sivyo ni ya kazi gani? Nikachovya kijiti, nikaweka nukta kwenye meno ya kibao cha kwanza, na nukta kwenye meno ya cha pili. Zilikuwa ndogo, nikazinenepesha. Nikavianika dirishani, nikakaa navyo hadi rangi ikashika. Nikavirudisha, vikalia ka!, nikafunga. Feni na diski nazo nikaziwekea. Nilirudi Kanazi nimeridhika kama mtu aliyefunga zizi.

Jumatatu mkwe akaja na begi lake la vifaa. Mimi nilikaa mlangoni, ubavu nimempa. Kwa desturi yetu nisingeweza kumsimamia kichwani nichungulie mikono yake, ndiyo maana nilizitegemea nukta zangu. Fundi cherehani alihamishia shughuli yake mlangoni kwake ili asikose kitu.

Alipuliza vumbi kwanza. Akatoa diski ya zamani, akaweka mpya, nyembamba, ya kukaa kwenye kiganja. Akaingiza ile kadi, ina feni yake ndogo kama ya mwanasesere. Vibao vya dhahabu hakuvigusa, au mimi sikumwona akivigusa, na kutokuona ndiko kulikonisumbua. Akawasha.

Feni zikavuma. Kioo kikabaki cheusi. Halafu sanduku likaanza kulia, mlio mmoja, kimya, mlio, kimya.

Akazima. Akatoa kadi. Akawasha. Mlio. Akarudisha diski ya zamani. Mlio. Nikamsikia anahema.

Nikaacha kupitisha maneno kwa mtu. "Mkwe. Jumamosi ilikuwa inawaka."

"Ilikuwa inawaka, baba."

"Leo umeishika, haiwaki."

"Ndiyo baba. Natafuta tatizo."

"Unatafuta nini, na ulichotoa unakijua?"

Akageuka. "Nimetoa diski, baba. Hii hapa."

"Sisemi diski. Nasema vile vibao vizuri. Umevibadilisha, umeniwekea vibovu." Cherehani ya jirani ikanyamaza. Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia. "Kwangu sijawahi kulisha mwizi."

Aliweka bisibisi mezani polepole.

"Baba, umesema mwizi?"

"Nimesema."

"Basi kesho narudi kwetu Nemba. Lakini jina hilo siondoki nalo." Sauti yake haikupanda, na hilo lilinichoma zaidi. "Kila kitu chako kina alama, baba. Hata ndoo. Humu ndani hukuweka?"

"Niliweka!" nikasema, na nilisema kwa majivuno. "Chomoa vile vibao viwili vyenye meno ya dhahabu. Nukta yangu isipokuwepo, mwizi ni wewe. Ikiwepo..."

Sikumaliza, kwa sababu hilo la pili sikuwa nimelifikiria.

Alivichomoa. Alivitazama muda, huku na huku. Hata katika hasira ile hakunipa mkononi. Alivilaza mezani, akarudi nyuma hatua tatu, nikasogea mimi.

Nukta zilikuwepo. Nyekundu, nene, mbili, katikati ya meno.

"Ni wewe uliyepaka hapa, baba?"

"Ni mimi."

"Hayo meno ndiyo yanayogusana na ubao mkubwa. Kila kitu kinapita hapo. Ukipaka rangi hakipiti."

Hakuhitaji kuendelea. Miaka yote hiyo nimewafundisha vijana kuwa mbao iliyopakwa rangi haishiki gundi, lazima ubaki mti mtupu kwa mti mtupu. Nilielewa pale pale.

"Mzee!" fundi cherehani akapasuka kicheko. "Umejiibia mwenyewe! Umejikamata na ushahidi umeleta!"

Mkwe hakucheka. Alianza kurudisha vifaa vyake kwenye begi, kimoja kimoja.

Sasa mtu angeniambia nilie, nipige magoti. Mimi siyajui hayo. Ninachojua ni kutoa rangi. Nilichukua tina ya kuyeyushia rangi iliyobaki tangu enzi za karakana, nikaomba kipande cha kitambaa kwa yule mcheshi, nikaanza kufuta. Mkwe akaniambia bila kugeuka, "Usikwaruze, baba. Rangi ikiisha, sugua na kifutio cha penseli."

Kifutio sina. Nikavuka barabara hadi duka la madaftari.

"Shikamoo babu. Kifutio? Cha mjukuu?"

"Cha kwangu."

Kifutio mara ya mwisho nilikishika darasa la nne. Nilirudi nikasugua yale meno mpaka yakang'aa, jino kwa jino, kibao cha kwanza na cha pili. Nikaviweka mezani, nikasogea hatua tatu.

Hakuvichukua. Begi lilikuwa begani tayari.

"Baba, rangi umeifuta. Neno bado lipo. Na halikusikiwa na mimi peke yangu."

Nilimwelewa. Kwetu sisi, mkwe akiitwa mwizi na jirani akasikia, jioni neno limefika kisimani, na keshokutwa limefika kwao. Nikatoka mlangoni. Fundi cherehani alikuwepo, na waendesha bodaboda wawili waliovutwa na kicheko chake. Nikashika mwimo wa ule mlango nilioutengeneza mwenyewe, nikatazama mbao, sikumtazama mtu.

"Mmesikia nimesema mwizi. Huyu si mwizi. Niliingia humu jana, nikapaka rangi pasipopakwa, nikaharibu mimi, nikamsingizia yeye. Aliyesikia la kwanza na hili alisikie."

"Rudia mzee, kuna pikipiki ilikuwa inapita," akasema fundi cherehani.

"Kodi yako inaisha lini?" nikamuuliza.

"Nimesikia, mzee. Nimesikia vizuri sana."

Nilipogeuka, begi lilikuwa chini na mkwe ameshavisukuma vibao mahali pake. Akarudisha diski mpya na kadi yake. Akawasha. Kimya. Halafu kioo kikawaka, chote, cheupe mpaka kikamulika vumbi la mbao ukutani. Alijifuta uso kwa khanga, na mimi nikajifanya natazama barabarani.

Nemba hakwenda kesho yake, wala wiki ile. Lakini mimi nikawa nasubiri, maana mtu anaweza kusamehe mdomoni huku anafunga mizigo. Nilimsikiliza akiongea na kaka yake kwenye simu. Niliangalia kama nguo zake bado ziko kambani. Fremuni watu walianza kuja. Bodaboda, mwalimu mmoja, na fundi cherehani, ambaye hufungwa mabao kila siku halafu hulaumu mashine. Lakini kazi kuwepo haikuniambia kama anabaki. Meza inabebeka. Sanduku nalo linabebeka.

Siku moja nikiwa hatua nne kutoka jikoni, nikamsikia. "Mama, naomba umwambie baba aniazime lile kopo lake la rangi."

Mke wangu akanitazama tu. Nilileta kopo, nikaliweka chini, nikasogea.

Kesho yake alipoifungua kompyuta kupuliza vumbi, aliliacha sanduku wazi, upande wa wazi umenielekea, akatoka nje kuongea na simu. Nikachungulia. Kwenye bati la kadi yake, mbali na meno, kulikuwa na nukta mbili nyekundu, zimekaa pamoja. Kwenye diski yake, mbili. Zangu ni moja moja. Zake mbili mbili, ili zisichanganywe na za mtu.

Jioni nilirudi Kanazi nikapita stoo, kuhakikisha kama kawaida yangu. Majembe yalikuwa yameegemea ukuta. Langu, nukta moja. La mke wangu, nukta moja. Na la tatu, analolimia mkwe, mpini mpya, chini kabisa karibu na chuma, lina mbili.

Nikafunga stoo. Siku hiyo sikuzihesabu nguo kambani.