Picha Ilifunguka Kesho Yake

Sina hakika kama nina haki ya kuliandika jambo hili kama mtu aliyeonewa. Nimejaribu mara mbili nikafuta. Shule niliishia darasa la saba, na ninachoandika siku zote ni mambo ya mvua tu, imenyesha lini na mahindi yamefikia wapi. Basi nitaandika lilivyokuwa, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema.

Nilikuwa na maksai wawili wa kuvuta plau. Mmoja mwekundu, mwingine wa mabaka meusi na meupe. Tangu mume wangu afariki, hao ndio waliokuwa wanaume wa nyumba yangu hapa Issenye. Mwekundu anafungwa kulia na ndiye anayesikiliza. Wa mabaka hasikilizi mtu. Ukimwita hata hageuki, anamfuata mwenzake tu. Lakini plau haivutwi na mmoja.

Karibu na msimu wa mvua, mdogo wangu aliyeolewa Migori, upande wa Kenya, akajifungua kwa upasuaji. Mume wake ni dereva wa lori na alikuwa mbali. Nikamwachia mama mkwe mji, ingawa macho yake yamekwisha, jirani akakubali kuwachunga maksai pamoja na wa kwake, nikaenda kuuguza.

Pale Sirari, kabla sijavuka mpaka, niliingia kwenye kibanda cha laini. Binti wa pale akaniambia, "Mama, kwa safari chukua kifurushi cha msafiri. Hakina kikomo. Utatumia mpaka uchoke mwenyewe."

"Kweli hakiishi?"

"Hakiishi. Ila ukizidisha matumizi kwa siku kinapunguza mwendo, mpaka kesho yake asubuhi ndiyo kinarudi kawaida. Umenielewa, mama?"

Nikamwambia nimeelewa. Naandika hili kwa sababu watu wamenishauri niseme niliibiwa. Sikuibiwa. Binti aliniambia, na ujumbe wa mtandao ulioingia kwenye simu uliandika hivyo hivyo, chini kabisa, na mimi niliusoma. Ila kichwani niliona mwendo si neno. Ng'ombe wetu wanatembea polepole na wanafika.

Mdogo wangu anakaa nyumba za kupanga, vyumba vimetazamana na uwanja mmoja katikati. Siku ya kwanza tu nikampigia mama mkwe simu ya video ili akisikie kitoto kikilia. Majirani wakaona simu yangu haikatiki. Mama wa chumba cha pili akaja na kiti chake kabisa.

"Mathe wa TZ, si uniwashie hotspot nisikize mahubiri kidogo?"

Nikawasha. Baada yake wakaja vijana wa chumba cha mwisho na mpira wao. Wakaja na wengine. Sikuona sababu ya kumnyima mtu kitu kisichoisha. Kwetu mwenye kisima kisichokauka akianza kufunga mlango wa kisima, watu watauliza ana nini. Mdogo wangu alilala kitandani anacheka huku ameshika mshono.

"Dada, unagawa mtandao kama unagawa togwa msibani."

"Acha wanywe."

"Watakufilisi."

"Watanifilisije na hakiishi?"

Kwa siku kadhaa ikawa hivyo. Jioni simu ilikuwa inazubaa kidogo, nikadhani ni mnara. Asubuhi inapona. Sikuunganisha.

Halafu mama mkwe akanipigia akilia. Maksai hawakurudi kutoka malishoni, wala wale wa jirani. Vijana wamefuata nyayo mpaka mtoni, zimevuka. Usiku ule sikulala, na sitaki kuueleza.

Kesho yake alasiri akapiga shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Yeye anachimba dhahabu na wenzake Nyakunguru, huko Tarime.

"Shemeji, kuna ng'ombe wamekamatwa huku. Wezi wamekimbia, wamewaacha. Nasikia kuna wa Issenye ndani yake. Nipo hapa zizini."

"Wangu wamo?"

"Sasa ndiyo shida. Mimi wako nimewaona mara ngapi? Kwangu mimi ng'ombe ni ng'ombe."

Niseme hapa kwamba wezi ni wezi, sitaki mtu asome aone nawasema watu wa upande fulani. Waliowakamata hao ng'ombe walikuwa watu wa kule kule, na waliwachunga bila kula hata mmoja. Walikusanyika wazee, mkutano wao wanauita iritongo, na utaratibu wao ni wa haki. Mwenye ng'ombe anasimama mbele ya zizi, anamwonyesha wa kwake kwa kidole kati ya wengine wote, halafu anaapa mbele ya watu. Asiyeapa hapewi. Na ilikuwa lazima wazee wamalize kabla jua halijazama, maana hakuna aliyetaka kulala na ng'ombe ambao wezi wanajua walipo. Hata ningeruka kutoka Migori saa ile, ningefika giza limeingia. Na mdogo wangu alikuwa hawezi kuinuka kumbeba mtoto.

Nikasikia mzee mmoja akiuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko Kenya, mzee."

"Kenya hakuna simu? Mwonyeshe."

Shemeji akakata, akapiga ya video. Nikapokea. Nikaona shavu lake, halafu mbingu, halafu kitu cha kahawia kama shuka limetandikwa, kikaganda. Sauti ilikuwa inakuja. Nasikia ng'ombe wanalia, nasikia watu wanabishana, lakini kwenye kioo ni vipande vipande vya rangi kama kibaraza kilichovunjika vigae.

"Unaona, shemeji? Huyo hapo!"

"Sioni!"

"Huyo! Nimemsogelea kabisa!"

"Naona rangi tu!"

Nikatoka uwanjani. Nikapanda juu ya karo la kufulia, nikainua simu juu. Mama wa mahubiri alikuwa mlangoni na masikio yake ya waya. Nikampigia kelele azime, vijana wazime, wote wazime. Walizima palepale, masikini, wakasimama wananitazama. Haikusaidia. Kijana mmoja akaichukua simu yangu, akaiangalia, akanirudishia taratibu.

"Mathe, imeshukishwa spidi. Ya leo mmemaliza. Meseji itaenda, sauti itaenda. Picha, labda kesho."

"Yaani ni kama barabara imefungwa?"

"Haijafungwa. Ni vile umeambiwa utembee."

Shemeji akatuma picha za kawaida, mbili. Nikazigusa. Kile kiduara kikaanza kuzunguka, kikazunguka, nami nazunguka nacho pale juu ya karo. Nilimwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa kilugha. Nilihisi kama nimeshikwa mikono kwa nyuma.

Nikamwambia shemeji, "Waambie alama. Mwekundu sikio la kushoto limepasuka."

Nikasikia mtu akicheka. "Hapa waliopasuka masikio ni nusu ya zizi!"

Ni kweli, watu wengi wanawakata masikio kuwa alama. Kisha nikakumbuka kwamba kama sauti inakwenda, basi iende.

"Shemeji, weka simu sauti ya juu kabisa. Inua juu ya zizi."

Nikamwita mwekundu kama ninavyomwita asubuhi nikiwa nimebeba nira, ule mwito mrefu wa kumwambia aje asimame kulia. Niliita pale uwanjani mwa watu, Migori, na kitoto ndani kikaamka kikalia. Nikaita tena.

Upande wa pili kelele zikazuka. Shemeji alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Anakuja! Shemeji, anasukuma wenzake, amekuja kuninusa simu!"

Mzee akasema, "Huyo ni wa kwake. Aape."

Nikaapa. Sikusita, mwekundu ni wangu.

"Na wa pili?"

Nikaita. Nikaita mpaka koo likakwaruza. Shemeji akasema kuna wawili wa mabaka, wote wamesimama tu wanacheua. Na pale palikuwa na bwana mmoja, mkulima wa vijiji vya kule, yeye naye kaibiwa wa mabaka, ameonyesha mmoja na yuko tayari kuapa. Yule mwingine alikuwa na mwenyewe tayari, hana ubishi.

"Shemeji," akaninong'oneza, "sema tu ni wako. Huyu bwana mwenyewe namwona ana wasiwasi."

"Ana kovu chini ya shingo? La kamba?"

"Kuna kama kitu. Kuna matope. Sema tu!"

Mzee akachukua simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, sitamlaumu mpaka nife. "Mama, unamwona?"

Nikatazama kioo. Vipande vya nyeupe na nyeusi.

"Simwoni, mzee."

"Unaapa?"

Mdogo wangu alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, anatikisa kichwa kwa nguvu, apa, dada, apa. Kwetu mtu akiapa kwa kitu kisicho chake, si yeye tu anayelipa, hata watoto wanaingia. Na yule bwana naye ana watoto. Nikafikiria kama nitaapa na kumbe ni wa kwake, atalima na nini?

"Siwezi kuapia nisichokiona."

"Umesema vizuri," mzee akasema. Ng'ombe akapewa yule bwana.

Asubuhi nilikuwa nafua nepi. Simu ikalia mlio wa kufunguka. Zile picha mbili zimeingia, safi kabisa, mpaka inzi unaweza kuwaona. Ya pili ilikuwa shingo na kichwa. Matope yalikuwepo, na chini ya matope kovu la kamba, limejikunja kama ndoana, lile nililolipaka mafuta mwenyewe msimu mzima. Nikakaa chini kwenye maji ya nepi.

Mdogo wangu alipopata nguvu nikaenda. Shemeji alinipakiza kwenye bodaboda mpaka kwa yule bwana. Alitupokea vizuri. Mke wake akatuletea uji, tukanywa, nikamwonyesha picha. Aliitazama, akaivuta kwa vidole ikue.

"Shikamoo yako nimeipokea, dada, na uji umekunywa," akasema. "Lakini wa kwangu naye alikuwa na kovu. Mimi niliapa nikiwa nimesimama mbele yake. Wewe uliulizwa."

"Niliulizwa mtandao ukiwa umelala."

"Hilo la mtandao siwezi kulijibu."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Wa mabaka alikuwa amefungwa nira na ng'ombe mwingine mweusi, udongo mbichi kwenye kwato. Nikamwita. Hakugeuka. Lakini hakuwahi kugeuka hata siku moja, hata nyumbani. Nikasimama pale nikaanza kujiuliza kama makovu yote ya kamba hayafanani. Nilipoinama kumshika shingo, yule bwana aliweka mkono wake kwanza, juu ya lile kovu, akautuliza pale. Sijui kama alikuwa anamtuliza ng'ombe au analificha. Nimefikiri sana na sijui.

Wazee niliwafuata. Wakasema kiapo kimoja kimeshatolewa na kingine kilikataliwa, na zizi limeshafungwa. Yule mpole akanisindikiza mpaka barabarani.

Mwekundu nimerudi naye Issenye. Mvua imeanza. Wenye jozi wanalima, na kila niliyemwomba maksai wa kumfunga naye amesema nisubiri amalize kwake. Leo nimelima kwa jembe la mkono tangu kuche, na nikiutazama mstari nilioufikia naona haya kuuandika. Mama mkwe amekaa ukingoni mwa shamba, ananiuliza nimefika wapi, namdanganya.

Mwekundu nimemfunga karibu tusikae peke yetu. Nikimwita anakuja anasimama kulia, mahali pake, na upande wa kushoto anaacha nafasi.