Aliyekunywa na Abeue

Binti yangu Kukunda ana miaka kumi na miwili, na tangu ajue kusema sijamsikia akiomba kitu, yeye huamuru. Si kosa lake. Amezaliwa na kukulia katika kambi ya jeshi, hapa Nyamwamba, Kasese, na asubuhi zake zote zimeanza na "kushoto, kulia". Watoto wenzake wanamwita afande, na hawatanii.

Basi shule yao ilipotaka kiongozi wa gwaride la Siku ya Uhuru, mwalimu hakuhangaika kutafuta. Shida ilikuwa miguu. Kiongozi lazima avae raba nyeupe, na Kukunda alikuwa na ndala. Asipokuwa nazo Jumatatu, mwalimu alisema, nafasi anapewa Clare, binti wa fundi wa saruji. Clare ni mtoto mwenye adabu, lakini akiambiwa "nyuma geuka" anageuka kuangalia kuna nini.

Mume wangu yuko kazini Bwera, mpakani, na mshahara wake ulikuwa umeshamezwa na karo. Nilimwambia mwanangu ukweli: raba ni elfu ishirini na tano, na mimi sina. Alinitazama kama mtu anayenihurumia, na hilo liliniuma. Kisha akatoka kukusanya jeshi.

Jeshi lenyewe lilikuwa watoto wawili wa nyumba ya jirani, Ashraf na dada yake Immy. Jumamosi mapema waliweka meza yangu kando ya uwanja, na juu yake ndoo ya maji ya ndimu yenye sukari na vikombe vitatu vya plastiki. Kikombe shilingi mia tano. Jumamosi askari hukimbia hadi barabara kuu na kurudi, halafu hupumzika kidogo kabla ya ukaguzi wa saa nne. Kukunda alikuwa ameshaipigia hesabu kiu yao: vikombe hamsini, raba mguuni.

Wa kwanza kunywa alikuwa Koplo Ocen. Akakunja uso.

"Hii iko kali sana. Ongeza sukari."

Kukunda alikuwa anasuuza vikombe, akamtuma Ashraf kwangu, mbio.

Hapa lazima nikiri. Katika nyumba hizi za kupakana ukuta, sukari haikai. Kila jioni anakuja mtoto na kikombe: mama amesema umpe kidogo. Kunyima ni aibu, kutoa ni kufilisika. Kwa hiyo sukari yangu niliificha ndani ya ndoo ya unga, na kwenye kopo la sukari nikatia chumvi ya Katwe, ile yenye magadi, ambayo rafiki yangu wa Kabatoro huniletea ya kulainishia maharage. Mwenye kujihudumia nikiwa sipo, shauri yake. Kukunda alilijua jambo hilo. Ashraf hakulijua, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nafua, kwa hiyo akajichukulia kopo mwenyewe.

Alimwaga nusu kopo. Ndoo ikachemka bila moto, povu likapanda hadi ukingoni, Immy akakimbia. Kukunda akaonja, akafikiri, akatangaza: "Sasa hii ni soda."

Kizuri chajiuza, lakini chenye povu, nimejifunza, hugombaniwa. Kufikia saa nne alikuwa ameuza vikombe arobaini na tisa.

Gwaride likapangwa. Sajini Meja Byaruhanga, ambaye hata mbwa wa kambi humpisha njia, akaamuru, "Mguu sawa!" Uwanja ukawa kimya. Katika kimya hicho mtu wa mstari wa pili akabeua. Akafuata wa mstari wa tatu. Muda si muda kikosi kizima kilikuwa kinapiga mbweu kama vyura wa bondeni, na ya Koplo Ocen ilikuwa na mwanzo, katikati na mwisho. Mimi nilikuwa naanika nguo. Nilicheka hadi nikashika kamba, kisha nikakumbuka kopo langu, kicheko kikakauka.

"Nani iliwapa hii kitu?" Sajini Meja akanguruma.

Kukunda akakatiza uwanja na ndala zake, akasimama wima mbele yake.

"Ni mimi, afande."

"Rudisha pesa yao yote. Sasa hivi."

Nilipaswa kwenda kusema kosa ni langu. Sikwenda. Nilimwogopa yule mtu, na mpaka leo naona aibu.

Askari wakajipanga kudai. Pesa ya bure haina mwenyewe, kwa hiyo mstari ulikuwa na watu kama mia. Kukunda akautazama.

"Afande, mimi niliuza vikombe arobaini na tisa. Hawa iko wengi."

"Sasa unataka nini?"

"Mutu yenye ilikunywa, abeue hapa mbele yangu."

Sajini Meja akaipima hoja, akaona haina kasoro. "Sawa. Moja moja."

Sasa wake zao walikuwa wameshajaa ukingoni mwa uwanja, mikono kiunoni. Kubeua katikati ya wenzako ni jambo moja. Kubeua peke yako mbele ya mtoto, mkeo anakutazama, ni jambo jingine. Wa kwanza alifungua mdomo, akaufunga, akaondoka. Wa pili hakufika. Ocen alifika, akameza hewa, akamwona mkewe Lanyero.

"Wacha ikae, mutoto," akasema. "Soda ilikuwa tamu."

Mstari ukayeyuka. Sajini Meja akavuta pumzi awaamuru watawanyike. Amri haikutoka. Ilitoka mbweu, na ilikuwa ya cheo chake.

Hakuna aliyecheka. Kukunda akamtazama.

"Wewe, afande, siwezi kukurudishia. Ulikunywa, haukulipa."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mkono wa Sajini Meja ulikuwa mfukoni. Kukunda alipokea sarafu ya mia tano kwa mikono miwili, akapiga saluti, akageuka nyuma kama inavyotakiwa. Ndipo nikauona uso wake. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni kwa woga, na miguu yake haikukosea hatua hata moja.