Sukari, Makala na Pua ya Zagabe

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaani Kadutu, na Cibalonza Françoise tayari amechoka. Amepiga magoti mbele ya mbabula, jiko lake la makala, anakoroga sukari inayoyeyuka sufuriani. Bisi zimeshapasuka, zinangoja kwenye beseni. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, mume wake amefumba macho, ananusa.

"Bado," anasema Zagabe. "Bado... Mwaga!"

Cibalonza anamwaga bisi ndani na kuzigeuza kwa mwiko wa kusongea bugali, mikono yote miwili, mpaka kila punje ivae sukari.

Sukari hii haina huruma. Ikiwahishwa, bisi zinanatana. Ikicheleweshwa kidogo tu, zinakuwa chungu. Wapishi wengi hufuata harufu. Cibalonza hawezi. Homa kali ya miaka minne iliyopita ilimwachia uhai, ikamnyang'anya pua na ulimi.

"Sisikie harufu, sisikie utamu," anasema. "Hata chumvi naulizaka mutoto wangu Ornella."

Ndivyo Zagabe, mwalimu ambaye shule yake ilifungwa, alivyopata kazi ya kunusa. Ni kazi nzuri, ila haina mshahara. Vifuko vya faranga mia tano ambavyo mkewe anavitembeza kwenye malango ya ofisi za Muhumba vinalisha watoto watatu, lakini kodi ya nyumba imewashinda.

Sasa shemeji yake Zagabe amempatia kazi ya kulinda depo ya bia huko Bunyakiri, dola themanini kwa mwezi. Anaondoka Jumatatu. Kwa hiyo leo kuna mtihani: Cibalonza atapika sufuria ya pili kwa macho yake tu, na Zagabe ameamriwa afunge mdomo.

"Hata kukohoa, hapana," mkewe anamwonya.

Anainamia moshi. Sukari inapokuwa nyekundu kama chai isiyo na maziwa, anamwaga bisi, anageuza huku jasho likimtiririka, kisha anampa mumewe kiganja kimoja.

Zagabe anatafuna polepole mno.

"Imeungua, maman Ornella."

Cibalonza anaketi palepale sakafuni. Sukari iliyobaki ni kidogo, na mikono haina nguvu ya kuanza upya. Inauma, na hafichi kwamba inauma. Mwishowe anavuta beseni akamwage.

Jirani yake Bintu, aliyekuja kuchukua vifuko vya kuuza, anamkuta mlangoni na kuchota bisi bila kuuliza. Anatafuna, anachota tena.

"Papa Zagabe, hii haiungue hata kidogo! Iko tamu kupita ya jana."

Zagabe, mwanamume mzima, anaangalia vidole vyake.

"Nilitaka useme nibakie," anamwambia mkewe. "Kule sijue mutu."

Cibalonza hamgombezi, hata hasira inataka nguvu. Anarudisha beseni chini na kuanza kujaza vifuko.

"Utaenda," anasema. "Mimi pia sitaki, lakini utaenda. Tulipe nyumba."

Mpango wake ni huo tu: deni la kodi liishe kabla ya Noeli, na yeye azoee kupika peke yake.

"Siku ya Noeli, huyu akirudi, nitamupikia sufuria yake mwenyewe," anamwambia Bintu, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Hata ikiungua, ataikula yote."