Walivyoulinda msitu mpaka mizinga ya baba ikashushwa

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Jambo hili limenikaba tangu juzi. Naandika niliyoyaona mwenyewe, chumvi sitii.

Juzi nilialikwa kwenye kikao cha wadau hapa Tabora, mambo ya sera ya tabianchi. Umoja wa kampuni za gesi nao walikuwepo. Suti kali, projekta, maji ya chupa mpaka kwenye meza yetu wazee wa nyuki.

Rasimu ilikuwa na kifungu cha kuwabana wazibe gesi inayovuja kwenye visima na mabomba yao.

Bwana mmoja wa umoja huo akasimama, mpole kabisa. "Sisi tuko pamoja na mazingira. Adui wa misitu ni mkaa. Tuanze na huo, hicho kifungu chetu mtupe muda."

Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga, maana maneno hayo nilishayasikia nikiwa mdogo.

Enzi za Ujamaa tulihamishiwa kijiji kipya upande wa Ntalikwa. Baba alikuwa mrina asali. Mizinga yake ilikuwa kwenye msitu kando ya njia ya zamani ya misafara, na ndiyo iliyotulisha. Nami nilijua siku moja itakuwa yangu.

Kijiji kikataka sheria ndogo ya kuulinda ule msitu, kwa sababu mabani yalikuwa yanakula kuni vibaya sana. Kwa msiojua, bani ni kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto.

Siku ya mkutano wakaja mabwana wa tumbaku, nao walikuwa na umoja wao mjini. Tulidhani wamekuja kupinga. Wapi! Waliunga mkono kutuzidi sisi.

"Wazee wangu, msitu huu ulindwe," mkubwa wao akasema. "Kinachoumaliza ni moto. Na moto unaingizwa na nani? Warina asali na mienge yao. Sisi tutapanda miche."

Mwenyekiti akauliza nani anakubali msitu ulindwe. Baba akanyoosha mkono. Angefanyaje, na msitu ndio ulikuwa maisha yake?

Haukupita muda akaamriwa aondoe mizinga. Aliishusha mwenyewe, mmoja mmoja.

Mabwana wakaendelea kukata kwa kibali, si walipanda miche? Miche yenyewe ilikauka kiangazi kilekile.

Mwishowe baba akaenda kuwakatia kuni, miti ileile iliyobeba mizinga yake. Inaniuma mpaka leo.

Sipingi gesi, wakuu, hata kwangu tunapikia. Nilichojifunza ni kwamba mwenye kampuni akija kupinga sheria, unamwona. Akija kuiunga mkono, angalia mzigo wake unahamia mgongoni kwa nani.

Sasa nimalizie ya juzi. Kando yangu alikaa mama mmoja wa Ipuli, muuza mkaa, anasomesha watoto kwa mkaa huo huo. Mwenyekiti alipoomba mikono ya wanaokubali misitu ilindwe, wake ulitangulia.

Nikamgusa kiwiko. "Mama, ushushe kwanza."

Akanitazama kwa mshangao. "Kwani wewe mzee, hutaki misitu ilindwe?"

Mikono ilikuwa tayari inahesabiwa. Nyie wenzangu mngemjibu nini?