Bepari Hakai Kijijini

Mbwa alikuwa akiitwa Bepari kabla Kristiana hajamjua, kwa hiyo lawama ya jina si yake. Aliyempa ni bwana shamba Asajile, mtu wa Tukuyu aliyekuwa amepangiwa Mpui kuwafundisha Wafipa kupanda mahindi kwa kamba, kana kwamba kabla yake walikuwa wakiyatupa tu yaote yanapotaka. Alimwita Bepari kwa sababu, alisema, mnyama yule anakula asicholima. Uhamisho ulipomfikia, lori lilijaa vitanda, kuku na mkewe Sekela juu ya magodoro, na nafasi ya mbwa ikakosekana.

Kristiana alikuwa amewapelekea maharage ya safari. Akakabidhiwa kamba.

"Mama Josefina, unaishi peke yako na fisi wameshaonja kondoo wako," alisema Asajile. "Mchukue. Ila huyu ni mtu mzima, ana mambo yake. Usimfungulie mpaka ajuane na nyumba."

"Mimi mwenyewe bado sijajuana nayo," alijibu Kristiana. "Lakini mlete."

Hakuwa akitania. Nyumba ile ilikuwa ya kijiji kipya, mojawapo ya zile zilizopangwa mstari kwenye uwanda mtupu, kila moja ikitazama kisogo cha mwenzake kama watu kwenye foleni ya sukari. Mti haukuwapo hata mmoja. Kiangazi nyasi zote ziliungua, ardhi ikabaki nyeusi, na upepo wa Ufipa ukawa unapita katikati ya nyumba ukiwamwagia watu majivu kwenye chakula. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipofika, Kristiana, mjane tayari, alikuwa amepakia vyungu, jembe, kondoo na picha ya Bikira Maria. Mafiga hakupakia. Watu walipomuuliza alisema mawe ni mazito. Ukweli aliujua mwenyewe: maadamu mafiga yake yapo kule ng'ambo ya kijito, pale alipoolewa, pale alipomzika mumewe Kasimiri na watoto wawili, basi huku amekuja kutembea tu. Akaokota matofali matatu yaliyobaki kwenye ujenzi wa shule, akapikia hayo, na kila siku akayatukana.

Sasa mbwa. Mama mkwe wake alikuwa amemfundisha kwamba yeyote anayeletwa nyumbani, awe bibi arusi au ndama, chakula chake cha kwanza kitoke kwenye mafiga ya nyumba hiyo, siyo kwingine, ndipo atulie. Kristiana aliyatazama yale matofali ya shule akaona aibu kumlisha nayo hata mbwa. Akamvuta Bepari kwa kamba, akavuka naye kijito mpaka kwenye mahame yake. Paa lilikuwa limeshang'olewa na wanamgambo, kuta zimesimama zikitazama mbingu, lakini mafiga yalikuwa pale pale, meusi, yamekaa kama wazee watatu wasioambiwa kuwa kikao kimekwisha. Akawasha moto, akasonga ugali, akammegea. Bepari alikula mpaka akalamba jiwe.

Na si siku hiyo tu. Chungu chake kikubwa cha pombe ya ulezi kilikuwa hakikai juu ya matofali, kinayumba. Kwa hiyo pombe aliendelea kuipikia kule kwa siri, na machicha akampa mbwa kule kule. Kijijini alimfunga mlangoni na kumtupia viporo.

Mbwa hakutulia. Alizunguka kigingi cha kamba mpaka akachimba duara ardhini. Pikipiki kama ya bwana shamba ikisikika njia ya Mpui, masikio yalisimama, halafu yakaanguka. Alilala, akaamka, akajilaza upande mwingine, akaamka tena, na Kristiana ndani naye vivyo hivyo, kila mmoja akimsikiliza mwenziwe akihangaika. Kamba ya katani aliitafuna. Ya ngozi akaitafuna kwa utamu zaidi. Asubuhi Kristiana alitoka na bakuli akakuta kipande cha kamba tu, akaanza kuita kijiji kizima, Bepari, Bepari. Jirani yake Albina, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu ubatizo, alikuwa akipepeta ulezi.

"Mama Josefina, nchi nzima inawafukuza mabepari, wewe wako unambembeleza aje kula."

"Wangu angalau analinda mlango. Wako anakoroma tu."

Albina alicheka, maana mumewe alikuwa bado amelala. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Kijiji cha jirani mbwa mwenye kichaa alikuwa ameng'ata watu, na mmoja alikufa akiogopa maji. Mkutano ukaamua: mbwa akae mlangoni kwa mwenyewe. Atakayekutwa akizurura kwenye mahame, wanakozaliana mbweha, auawe hapo hapo. Kazi hiyo alipewa Zenon wa mgambo, mdogo wake marehemu Kasimiri, mtu mpole aliyepewa rungu kwa sababu alikuwa na mabega.

Kristiana alidhani mbwa amerudi Mpui kwa bwana wake, kama ambavyo mtu yeyote angedhani. Akajifunga kanga, akaenda. Kwenye nyumba ya bwana shamba alimkuta karani mgeni aliyesema hajaona mbwa, na kwamba hapendi mbwa. Akarudi na vumbi mpaka magotini, hasira zote akazipanga kumwagia mnyama. Njiani akamkuta Zenon amekaa kwenye tuta la maharage, rungu mapajani, akimsubiri.

Zenon alimwamkia shikamoo, akauliza habari za Mpui, akauliza habari za Josefina kule Namanyere alikoolewa, akazunguka weee, mpaka Kristiana akamwambia aseme alichonacho kabla hakijaoza. Ndipo akasema. Mbwa ameonekana ng'ambo, na siyo mara moja. Kila akikata kamba ndiko anakokwenda.

"Yuko kwenye jiko lako, shemeji. Amelala katikati ya mafiga. Mwenyekiti ameuliza kwa nini majivu ya pale yana moto."

Kristiana aligeukia njia ya kijito. Miguu ilitaka kukimbia na akaiacha. Alikuwa amefikiri mbwa anamkimbia, kumbe mbwa amefanya alivyoagizwa. Alionyeshwa nyumba kwa ugali, akaishika. Aliyemwonyesha ndiye aliyekuwa akilala kwingine.

Walimkuta pale pale, pua juu ya mkia, jivu limempaka mbavu. Aliinua kichwa, akamtikisia Kristiana mkia, kama mwenyeji anayemkaribisha mgeni aliyechelewa. Zenon alisimama kwenye kilichokuwa mlango. Hakuinua rungu, wala hakuliweka chini.

"Leo nimemwona mimi," alisema. "Kesho atatumwa mwingine. Mfunge mnyororo, shemeji."

"Mnyororo atakufa nao. Weka hilo rungu ubebe jiwe."

Zenon aliyatazama mafiga. Alijua maana ya mawe yale kuliko mtu yeyote kijijini; yalikuwa ya mama yake. Akalilaza rungu ukutani, akainama, akaling'oa la kwanza ardhini, akalitupia begani. Kristiana alisokota ngata ya kanga, akajitwisha la pili. Lilikuwa bado na joto. Bepari alisimama, akanusa mashimo mawili, akalia kidogo, kisha akarudi kujilaza kwenye figa lililobaki.

Kijijini waliyatua. Zenon, jasho linamtiririka, alisema la tatu atalifuata kesho.

"Kesho atatumwa mwingine, umesema mwenyewe," Kristiana alimjibu, akageuka.

Alikwenda peke yake, nusu anatembea nusu anakimbia, jua likiwa limeanza kuegemea milima ya Lyamba lya Mfipa. Njia nzima alisikiliza kama atasikia mbwa analia. Alimkuta hai. Alilichimba figa kwa mikono, kucha zikajaa jivu la miaka yote ya ndoa yake, na lilipotoka aliona jiko limebaki matundu matatu tu, kitu ambacho mvua ya kwanza ingekifuta. Hakulia. Alimwambia Kasimiri, pale alipolala, kwamba anakwenda, akajitwisha. Alipovuka kijito aligeuza macho bila kugeuza kichwa. Mbwa alikuwa nyuma yake, pua imeelekea kwenye jiwe.

Jioni hiyo matofali ya shule aliyatupa nje, moja likaangukia karibu na Albina, naye akaleta kuni. Ugali ulisongwa juu ya mafiga. Bepari alikula, akazunguka, akazunguka tena, kisha akajitupa chini kando ya moto na kupumua kama aliyetua mzigo. Kamba ilining'inia ukutani, haina kazi.

Kulipokucha, Kristiana aliamka, akachukua kibuyu na jembe, akashika njia ya ng'ambo kabla hajafikiri. Miguu ilikuwa imezoea. Alifika kijitoni ndipo akagundua hakuna anayemfuata. Akaita, Bepari. Akaita tena. Huko juu kijijini, mbele ya mlango, mbwa alimsikia vizuri sana. Aliinua sikio moja, akamtazama anavyosimama na jembe lake kwenye maji, hajui avuke au arudi, na hakuondoka mahali pake.